Mialoni ya Juu ya Nyumba Yangu

Asar 15

Leo siku ya kula mtindi na mchele wa kuponda, nami nimekula mpaka kibwebwe kimenibana. Bondeni wanapanda mpunga na kurushiana matope. Huku juu kwetu mpunga hauoti, tuna viazi, ulezi na ruba, lakini mtindi wa tarehe kumi na tano ya mwezi wa Asar hatuuachi. Mitini amekuja na bakuli lake, akakaa barazani, akanilisha kijiko cha kwanza kwa mkono wake.

Daftari hili nilipewa niandike mvua na jua la kitalu cha miche ninachokitunza. Nimechoka na mvua na jua. Naandika watu.

Mitini si jina lake. Ni undugu wa kiapo kati ya wanawake wawili, nao huitana hivyo. Tulipokuwa na miaka kumi na saba mama zetu walituweka mbele ya moto, tukabadilishana shali, tukapakana mchele mwekundu kwenye paji la uso. Tangu hapo haniiti jina langu, wala mimi simwiti lake. Yeye ni Mkhatri, kwao pombe ni mwiko. Mimi ni Mmagar, kwetu pombe tunaipika. Watu walisema hatutadumu mwaka mmoja, na sasa ni mwaka wa ishirini na tisa.

Asar 19

Mvua. Ruba watatu kwenye soksi, mmoja pasiposemeka.

Asar 26

Mwanangu Dhanraj amepiga simu kutoka Chitwan. "Mama, mvua zimeanza, shuka huku. Huo mlima utakuua kama ulivyomuua baba." Nikamwambia huko Chitwan kwenu mbu ni wakubwa kuliko kuku. Akakasirika.

Lakini hakukosea. Miaka mitatu iliyopita mteremko ulio juu ya nyumba yangu uliporomoka, ukachukua banda la ng'ombe pamoja na mume wangu aliyekuwa ndani akikamua. Mpaka leo ni udongo mwekundu mtupu, na nyumba ya kwanza chini yake ni yangu. Kamati ya msitu wa kijiji, ambayo mwenyekiti wake ni Mitini, iliufunga mteremko miaka mitatu, asiingie mbuzi wala nyati wa kufugwa, ili mimi nioteshe mialoni. Mwaloni wetu huu, khasru, majani yake hayaishi mwaka mzima na mizizi yake inashika mlima usiende kokote.

Mwaka wa kwanza na wa pili nilipanda miche ya kitalu. Ikafa. Mzizi wa khasru unataka kwenda chini moja kwa moja, na ndani ya mfuko wa plastiki ulijikunja kama mkia wa nguruwe. Kwa hiyo mwaka huu tutapanda kokwa zenyewe ardhini. Ndio mwaka wa mwisho. Mwezi wa Bhadau kuna mkutano, na kama hakuna kilichoota, mteremko utafunguliwa kwa malisho. Kwato zikiingia juu pale, nyumba yangu itangoja mvua moja tu.

Saun 2

Nimepanda msituni kutazama. Kokwa bado kijani, lakini zimejaa. Siku tatu nne zitaanguka. Khasru hana subira: kokwa nyingine hutoa mzizi zikiwa bado mtini. Ukizianika, zimekufa. Ukizitundika juu ya moshi wa jiko kama mbegu za mahindi, zimekufa. Mwaloni hupandwa leo, au kesho asubuhi.

Saun 6

Leo zimeanguka! Tulipanda msituni wanawake kumi na wanane, vikapu mgongoni, kamba kwenye paji la uso. Dubu alikuwa ametutangulia chini ya mti mkubwa, kinyesi chake bado cha moto. Mwana wa Mitini, Khimlal, alitusindikiza na panga. Ni huyu aliyerudi kutoka Qatar na vidole viwili pungufu, akanunua nyati watatu wa maziwa, na sasa hazungumzi ila nyati.

"Mama mdogo," akaniambia, maana kwangu ni mwana, "yaani watu wazima kumi na wanane mnapigania chakula cha dubu?"

"Wewe kamua nyati wako. Ukiacha kuongea nao kidogo, labda utapata mke."

Wanawake walicheka mpaka wakaweka vikapu chini.

Tukaloweka kokwa kwenye birika la chemchemi. Zinazoelea zina fukusi ndani, tukazitupa. Zilizozama zilijaza magunia manne. Nikataka kuyabeba nyumbani kwangu. Mitini akasema, "Kwako panavuja, Mitini. Mvua ikipiga usiku zitaoza zote. Lete kwangu, kesho alfajiri wanawake wote watapitia kwangu." Uani kwake alikuwa amebandika sufuria lile la arusi, la watu mia. Nikamuuliza anapika nini. "Uji wa nyati. Wanakula kama wakwe."

Nilibaki na kokwa chache kwenye mfuko wa aproni. Nimezitia kwenye trei ya kitalu kabla ya kulala.

Saun 7

Tumepanda mteremko wote kwa siku moja. Kila mmoja na kijiti chake: toboa, kokwa mbili kwa ubavu, funika. Kufunika si kwa udongo wowote. Ni udongo mweusi uliochimbwa chini ya mwaloni mkongwe, tunauita udongo wa mama, kwa sababu mtoto asiyepata udongo wa mama hudumaa. Mitini alikuwa ameamka kabla yetu sote, kokwa zote keshazichanganya na udongo wa mama, kila kikapu tayari kimepangwa mlangoni kwake. Nilimshukuru mbele ya watu. Nikasema mwenyekiti wa namna hii anazaliwa mara moja.

Mvua ilitupiga kutwa. Tuliimba nyimbo za Teej, sikukuu ya wanawake, kabla ya wakati wake, na zile za matusi ya mama mkwe tuliziimba mara mbili. Nilipofika nyumbani sikuweza kunyoosha mgongo, lakini nilikuwa na furaha, naandika bila aibu.

Saun 8

Nimelala kutwa. Mgongo.

Saun 12

Mvua. Mitini ameleta samli ya kunikanda mgongo.

Saun 17

Siku ya kumi. Mzizi unapaswa kuwa urefu wa kidole. Nimepanda mteremko nikafukua mashimo manane. Matano hayana kitu, yamevurugwa, na kando yake kwato. Kwato za mbuzi, naapa. Matatu yana kokwa laini, bila mzizi.

Mbuzi kijijini petu ni wa mtu mmoja, Saila, mzee mwenye nyumba kule kwenye kona. Saila maana yake mwana wa tatu. Jina lake halisi nadhani hata mbuzi wake hawalijui.

Nimekwenda moja kwa moja kwa Mitini. Akanisikiliza, akanishika mkono. "Ni Saila. Nilikuwa nimeshasikia, sikutaka kukuudhi. Mwite mbele ya watu, Mitini. Usipomkomesha leo, kesho atalaza mbuzi wake jikoni kwako."

Saun 18

Tumemweka Saila kati, pale kwenye jiwe la mkutano. Alikiri kwamba mbuzi wawili walimponyoka mara moja, wakapita kando, akawakimbiza. Nikasema mbuzi wawili hawali mteremko mzima. Akasema, "Shemeji, ndivyo ninavyokwambia mimi pia." Watu wakacheka, nikazidi kupandwa na hasira. Nikamtaka ashike masikio yake na kuinama mbele yetu sote. Mzee wa miaka sitini na kitu. Akashika, akainama mpaka chini, magoti yakalia kama kuni mbichi. Mitini ndiye aliyehesabu mara tano kwa sauti.

Nililala vizuri. Naiandika hiyo pia.

Saun 22

Mvua, mvua. Ukuta wa nyuma umetoa jasho.

Saun 25

Nimefukua tena, sehemu ya juu ambako mbuzi hajakanyaga. Kokwa ishirini. Hakuna hata moja yenye mzizi. Laini zote, zinanuka utamu wa kuchacha. Nimekaa kwenye matope nikajiuliza nimekosea nini. Labda mvua imezidi. Labda kweli mimi ni mama wa kufisha miti, kama wanavyosema baadhi ya wanawake wenzangu wa hapa.

Mitini amekuja jioni na viazi vya kuchemsha. "Umejitahidi, Mitini. Miaka mitatu. Hakuna atakayekulaumu. Nenda Chitwan ukalee wajukuu. Hii nyumba nitakuangalizia." Nikalia begani kwake.

Saun 27

Ile trei! Nilikuwa nimeisahau nyuma ya mapipa. Kokwa zangu za mfuko wa aproni, thelathini na tatu. Thelathini na moja zimeota, mizizi imepita chini ya trei ikaingia ardhini, hata nimeshindwa kuinyanyua.

Mti uleule, siku ileile, mvua ileile. Sielewi.

Saun 28

Nimeelewa nusu, na nusu hiyo imenitosha.

Nilichukua kokwa ya mteremkoni na kokwa ya trei nikazipasua kwa kisu juu ya kibao. Ya trei ni nyeupe, inavunjika kwa mlio. Ya mteremkoni ni kahawia mpaka katikati, inapondeka kwa kidole kama kiazi cha jana. Mimi nimepika tangu nina miaka sita. Kitu kilichopikwa nakijua.

Nikaenda kwake. Alikuwa anasafisha ulezi. Nikaziweka zote mbili kwenye ungo mbele yake.

"Mitini, hizi zimeingia maji ya moto."

Hakushtuka. Alifikiri kidogo, kisha akajipiga kifuani. "Ole wangu! Si mliambiwa huko kwenye mafunzo, mbegu ngumu inamwagiwa maji ya moto iote haraka? Wewe mwenyewe ulirudi unatusimulia!"

Ni kweli. Mjini Pokhara walitufundisha hivyo, kwa mbegu za miti ya malisho zenye ganda kama chuma. Nikarudi na maarifa yangu mapya, nikayamwaga kijiji kizima, kila mtu akawa anachemsha mbegu. Dada mmoja wa hapa alichemsha hata maharage ya kupanda.

"Nilitaka kukufurahisha," akasema. "Nilidhani nakusaidia." Machozi yakamtoka. Nikamfuta kwa upande wa shali yangu. Nikamwambia kosa ni langu, mwalimu aliyefundisha nusu.

Saun 29

Leo moyo mwepesi. Ajabu, mteremko umeharibika lakini moyo mwepesi. Kosa linasameheka. Nitamwambia Saila mwenyewe kwamba nilimwonea, na kwenye mkutano tutasimama mimi na Mitini tuombe mwaka mmoja zaidi. Hawawezi kutunyima sote wawili.

Bhadau 3

Andika, Hastamaya. Andika kabla hujaanza kumtetea tena.

Leo nilimpelekea pombe kidogo ya kumkandia Khimlal mkono. Kwao haiingii mlangoni, kwa hiyo huwa naipitisha kwa nyuma, kando ya choo, pale ambapo kingo ya uwanja wao imeanza kumeguka kuelekea bondeni. Sijapita pale tangu mvua zianze. Nikakuta mstari wa vijiti. Kando ya kila kijiti, udongo mweusi wa mama, na juu ya udongo, jani. Jani dogo jekundu la khasru, lenye miba pembeni. Nikapiga magoti. Nikahesabu kokwa kumi na mbili, zimepandwa kwa ubavu, mbili mbili, kwa umbali nilioufundisha mimi. Hazikumwagiwa maji ya moto hizi.

Khimlal akatoka kuniona. Yeye hakujua kwamba mimi sijui. Maskini, alichangamka.

"Umeona, mama mdogo? Mama alizichagua moja moja siku ile mlipoleta magunia. Kasema hizi zitashika kingo yetu. Na juu kule tukishafunguliwa, nitajenga zizi la mawe. Nguzo nimeshakata."

"Umezikata lini?"

"Mwanzo wa Asar."

Asar! Yaani mama yake alipokuwa ananilisha mtindi, nguzo zilikuwa tayari zimeegemea ukuta wa nyumba yao.

Mitini akasimama mlangoni. Aliona nilipo, akaona nilichokuwa nakitazama. Nilingoja ajipige kifua tena. Hakujipiga.

"Kwa nini?" nikamuuliza.

"Ningekwambia nini? Ungekubali?"

"Nisingekubali."

"Basi." Akafunga mikono ndani ya shali. "Wewe mwanao yuko Chitwan, ana gari, ana nyumba ya sakafu. Wangu huyu hapa. Nani atamwajiri na mkono ule? Ana nyati watatu na hana majani. Wewe una pa kwenda, Mitini. Mimi na yeye hatuna."

"Ungeniomba."

"Ningekuomba nyumba yako?"

"Umeichukua bila kuomba. Hiyo ni bora?"

Khimlal alikuwa anatutazama kwa zamu. Nadhani ndipo alipoanza kuelewa, kwa sababu aliingia ndani bila kuaga.

Kinachoniuma si kokwa. Nimekwisha kuona kokwa zikioza. Kinachoniuma ni kwamba aliamka alfajiri ile, akazichanganya na udongo wa mama kwa mikono yake nisione kwamba zimeiva, na akasimama akapokea shukrani zangu. Ni kwamba alihesabu mara tano Saila anainama. Ni kwamba nilimfuta machozi. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, nami niliyeishi na ruba maisha yangu yote nilikuwa nakagua soksi tu.

Bhadau 4

Sikutoka.

Bhadau 6

Nimekwenda kwa Saila. Alikuwa anampa mbuzi dawa kwa chupa. Nikasimama uani kwake, nikashika masikio yangu, nikainama mbele ya mke wake na mbuzi wote.

"Inama vizuri, shemeji," akasema bila kuacha kazi. "Mimi nilifika mpaka chini."

Nikafika mpaka chini. Mke wake alihesabu, na yeye alipofika tano akaongeza ya sita kwa niaba ya magoti ya mumewe. Kisha wakanipa chai ya chumvi. Nikawasimulia yote. Saila akasema, "Mkutanoni watakuamini wewe au mwenyekiti?" Nikasema wataniamini mimi. Akanimiminia chai nyingine.

Bhadau 9

Mkutano. Mvua ilikuwa inanyesha, tukajibana chini ya paa la shule.

Mitini alisimama kama mwenyekiti, akauliza kwa sauti ya kazi, kwenye mteremko kimeota nini. Nikajibu hakuna. Kisha nikasimama juu ya benchi nikasema kwa nini. Nikapasua kokwa mbili mbele yao, nikazipitisha mkono kwa mkono. Nikasimulia sufuria la arusi. Nikataja kokwa kumi na mbili zilizoota nyuma kwake.

Watu wote wakamgeukia. Akanitazama machoni, akasema:

"Hastamaya ndiye aliyeniambia nichemshe."

Mwanamke mmoja nyuma yangu akaziba mdomo. Sijui walishtushwa na uongo au na jina. Miaka ishirini na tisa, na ndivyo nilivyolisikia jina langu kinywani mwake, mbele ya kijiji kizima, kama anaita mtu wa kudaiwa kodi.

Na wakamwamini. Niliona nyuso zikilegea. Bila shaka: si mimi niliyekwenda Pokhara? Si mimi niliyewafundisha wote maji ya moto? Na hizo kumi na mbili? Akasema aliziokota siku nyingine, akabahatisha. Mzee wa kamati akakohoa, akasema mambo ya wanawake wawili wayamalize wenyewe, sasa tunyooshe mikono kuhusu malisho.

Nikasema ngojeni. Nina ombi moja, halafu mnyooshe mtakavyo.

"Mwenyekiti anaona mteremko uko salama kuingiza nyati. Sawa. Basi kuanzia leo mpaka mvua ziishe, na ahamie kwangu. Kitanda changu cha upande wa mlimani nampa. Mimi nitalala kwake. Akikaa pale mpaka mwezi wa Asoj, mimi mwenyewe nitafungua uzio."

Paa lilikuwa linapigwa na mvua mpaka ilinibidi nirudie. Mitini alitazama chini, miguuni pake, palipokuwa na matope.

"Mjibu, dada," mtu akasema.

Ni Khimlal aliyejibu. Alisimama na ule mkono wake mbovu kifuani. "Mama halali pale." Akatambua alichosema, lakini kilikuwa kimeshatoka. Akakirudia polepole, akimtazama mama yake. "Pale halali mtu."

"Kama halali mtu," Saila akasema kutoka mlangoni, "nyati wamekosa nini?"

Wengine walicheka, kisha hawakucheka tena. Mzee wa kamati aliomba mikono ya wanaotaka kufungua. Khimlal hakunyoosha. Ilinyooshwa mitatu, na mmoja ukashushwa. Mteremko umebaki umefungwa mwaka mmoja zaidi.

Nilishuka kwenye benchi. Mitini alinipita karibu sana, shali yake ikagusa mkono wangu, naye hakugeuka.

Bhadau 10

Nimekata trei kwa msumeno ili nisiikate mizizi. Saila amebeba, mimi nimechimba. Thelathini na moja. Kwa mteremko ule ni kama chumvi katika mto, lakini zimeingia ardhini.

Bhadau 12

Teej. Wanawake wamevaa nyekundu, wamefunga, wanacheza tangu asubuhi pale hekaluni. Wajane hatuvai nyekundu, kwa hiyo nimepata kisingizio cha kutokwenda. Badala yake nimekwenda kwa bibi mzee wa juu, mama yake kuhani, yule aliyetusomea maneno siku ya kiapo. Haoni tena, lakini kichwa kiko wazi.

Nikamuuliza umitini unafunguliwaje.

"Haufunguliwi," akasema. "Mume unaweza kumwacha. Ndugu mnaweza kugawana shamba msionane. Umitini hauna maneno ya kuufungua. Mimi sikufundishwa, na aliyenifundisha hakufundishwa."

"Hata akikuua?"

"Akikuua atafanya matanga yako. Na wewe utafanya yake."

Nikarudi na mvua. Nimekaa sasa mlangoni, naandika kwa sababu mikono haina kazi nyingine. Nimefikiri ukoje, huo wajibu. Akitangulia yeye kufa, nitavaa nyeupe ya msiba. Nitakula mara moja kwa siku, bila chumvi, siku zote zinazotakiwa, nitakaa sakafuni nyumbani kwake karibu na Khimlal, na sitamwambia mtu yeyote kitu. Watu wa mbali watapita na mchele wao wa rambirambi, watanikuta pale na macho mekundu, nao watasema, tazama walivyopendana hawa.